Mafundi wa Mbao za Mawimbi huko Waialua

Katika Bahari ya Pasifiki, mbali na kila bara, viko visiwa vya Hawaii, ambavyo tangu mwaka 1959 ni jimbo la Marekani. Kisiwa chenye mji mkuu, yaani Honolulu, huitwa Oahu. Msafiri atokaye Honolulu kwenda kaskazini hupita katikati ya safu mbili za milima, juu ya uwanda wa udongo mwekundu uliosifika kwa mananasi, na baada ya maili 30 hivi barabara humteremsha pwani ya pili. Hapo huona bahari tupu. Toka ufuo ule hakuna nchi mpaka visiwa vya Aleuti karibu na Alaska, safari ya maili 2,000 na zaidi.

Bahari hiyo tupu ndiyo asili ya habari nitakazowasimulia, wasomaji wapendwa. Kuanzia Novemba hata Februari dhoruba kubwa huvuma huko kaskazini, na mawimbi yake husafiri siku kadhaa bila kuzuiwa na kitu. Wala chini ya visiwa hivi hakuna sakafu pana ya kina kifupi ya kuyapunguzia nguvu. Hufika yakiwa mazima, hujikwaa katika mwamba ulio karibu na ufuo, huinuka, kisha hupinduka. Katika ghuba ya Waimea, siku za dhoruba, wimbi huweza kupita kimo cha nyumba ya ghorofa. Pwani ya kwetu mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi mbali, ndipo maji yatokapo akina mama hutembea kwa miguu wakitafuta pweza. Kule mwamba u karibu, na mtu asimamaye mchangani huhisi ardhi ikitikisika chini ya nyayo zake.

Pwani hiyo ina miji midogo miwili iliyo jirani, Haleiwa na Waialua. Wamisionari John Emerson na mkewe Ursula walifika hapo mwaka 1832, na kanisa lililotokana na kazi yao lingalipo Haleiwa. Linaitwa kwa jina la Liliuokalani, malkia wa mwisho wa Hawaii, ambaye alilipa zawadi ya saa. Saa hiyo haina tarakimu. Mahali pa tarakimu zimewekwa herufi za jina lake, kwa maana jina hilo lina herufi 12 kamili. Waialua nako palikuwa na kiwanda kikubwa cha sukari, cha mwisho katika Oahu. Kilifungwa mwaka 1996, na watu wengi wakakosa kazi. Mabanda yake yalibaki na bomba lake refu la moshi, na humo ndani wakaingia mafundi wengine, wasiohitaji miwa wala moto. Hao ni wachongaji wa mbao za kupandia mawimbi.

Labda yuko msomaji asiyepata kuuona ubao huo. Mtu hulala kifudifudi juu yake, akapiga maji kwa mikono mpaka nje mawimbi yanapoanza kuinuka, akangoja. Wimbi limjiapo nyuma hupiga maji kwa nguvu, na mara linapomchukua husimama wima kwa miguu miwili, akateleza mteremkoni mwa maji huku likivunjika mgongoni pake. Wenyeji huita jambo hilo he'e nalu, maana yake kuteleza mawimbini. Kwao haukuwa mchezo wa watoto tu. Wafalme na malkia waliupenda, na watu waliacha kazi za shamba mawimbi yalipokuwa mazuri.

Mengi tunayoyajua juu ya mbao za kale tuliandikiwa na Mhawaii aliyeitwa David Malo. Yeye alikua katika desturi za kwao, akabatizwa mwaka 1828, akawa mchungaji, akafa mwaka 1853. Kabla ya kufa aliandika kwa lugha yake mambo ya kale ya taifa lake, hata sura moja juu ya kupanda mawimbi. Na aliyekifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza ni Nathaniel Emerson, mwana wa wale wamisionari wawili, aliyezaliwa papo hapo Waialua mwaka 1839. Tafsiri ilipigwa chapa mwaka 1903. Naona ni jambo la kuwapa heshima wote wawili, kwa kuwa wengine wengi wa siku zile waliona mambo kama hayo hayafai hata karatasi.

Mbao zilikuwa za namna mbalimbali. Olo ulikuwa mrefu na mnene, nao ulikuwa wa wakuu. Ulifanywa kwa mti mwepesi uitwao wiliwili, ambao ni jamaa ya mbambangoma wetu wenye maua mekundu. Alaia ulikuwa mfupi na mwembamba, ukichongwa kwa koa, mti mgumu wa milimani, au kwa mshelisheli. Fundi akiisha kuuchagua mti, aliweka samaki mwekundu shinani kabla ya kuukata. Alilichonga gogo kwa tezo ya jiwe, maana chuma hakikuwako, kisha akalivuta mpaka ufuoni katika banda la mitumbwi ili alimalize. Huko alilisugua kwa matumbawe na kwa mawe ya kukwaruza mpaka alama zote za tezo zikafutika. Akalipaka rangi nyeusi ya mizizi au ya masizi, na mwisho akalipaka mafuta ya mbegu za kukui. Ubao uliotumika ulianikwa, ukapakwa mafuta tena, ukafungwa katika nguo na kutundikwa ndani ya nyumba.

Hapa nisimame kidogo, maana mafundi hawa si wageni kwetu kama mtu anavyodhani. Mababu wa Wahawaii walikuwa mabaharia waliotoka pande za Asia ya kusini-mashariki wakaenea Pasifiki kwa mitumbwi yenye matengo. Wengine wa uzao huo huo walishika njia ya magharibi, wakaikuta Bukini. Ndiyo sababu tano kwa Kihawaii ni lima, na kwa Kibukini ni dimy. Wataalamu wengi husema hata matengo ya ngalawa zetu yalikuja kwa njia yao. Neno lima kwa Kihawaii ni mkono pia. Nasi twasema lima, na kazi yenyewe ni ya mkono. Lakini hapo maneno yamekutana kwa bahati tu.

Kapteni Cook alifika Hawaii mwaka 1778. Wenyeji wa siku hizo wengine huwakadiria kuwa laki tatu, wengine zaidi. Mwaka 1890, walipohesabiwa, walionekana 40,000 hivi pamoja na machotara. Surua, ndui na maradhi mengine ya kigeni yaliwaua kijiji kwa kijiji. Wamisionari wa kwanza walitoka Boston wakafika mwaka 1820, na hata leo wako wasemao kuwa wao ndio walioukomesha mchezo wa mawimbi. Hiram Bingham, mkubwa wao, alijibu katika kitabu chake cha mwaka 1847 kwamba mbao ziliachwa kwa sababu ya kuongezeka haya, bidii ya kazi na dini, wala si kwa amri ya kuwaonea watu. Kwa maoni yangu jibu hilo halitoshi. Ni kweli kwamba wengi wa wamisionari hawakuupenda mchezo wa wanaume na wanawake wasio na nguo, wenye kuwekeana dau. Nao walisema hivyo waziwazi. Lakini kaburi lilifanya zaidi. Kazi ya fundi hukaa mikononi mwake na mikononi mwa kijana anayemtazama. Wakifa wote wawili katika mwezi mmoja, ni nani atakayejua kulitazama gogo?

Basi, ufundi wa olo ulikatika. Haukufa mchezo wote. Watu wachache waliendelea kuteleza kwa mbao fupi. Vijana watatu wa jamaa ya kifalme waliokuwa shuleni California waliupeleka hata huko mwaka 1885, wakajichongesha mbao za mti mwekundu wa nchi ile mjini Santa Cruz. Duke Kahanamoku wa Honolulu, muogeleaji aliyeshinda katika Olimpiki za mwaka 1912 na 1920, alifika Sydney mwishoni mwa mwaka 1914. Kwa kuwa hakuja na ubao, alielekeza ukachongwa msonobari pale pale, akawaonyesha Waaustralia jinsi ya kuupanda. Ubao huo umehifadhiwa huko Freshwater mpaka leo.

Lakini olo, ubao wa wakuu, ulikuwa umebaki katika nyumba ya makumbusho tu. Makumbusho ya Bishop ya Honolulu yalianzishwa mwaka 1889 kwa ukumbusho wa Bernice Pauahi, binti wa mkuu aitwaye Abner Paki. Humo mna mbao mbili za Paki mwenyewe, ndefu kupita futi 14, na uzito wake ratli 150 hivi kila mmoja. Katika miaka ya 1920 kijana mmoja kutoka Wisconsin, Tom Blake, aliomba ruhusa ya kuzisafisha. Aliziondolea rangi iliyozidi juu yake, akaupapasa kila mkunjo wake, akazipima. Mwaka 1926 akajichongea ubao wa mfano ule; na kwa kuwa ulikuwa mzito mno, akautoboa mamia ya matundu toka juu, akayafunika kwa ubao mwembamba. Baadaye alijenga mbao zenye uwazi ndani na mbavu kama chombo cha baharini, akapewa hati ya serikali kwa uvumbuzi huo mwaka 1932. Mwaka 1935 alifunga pezi dogo chini ya tezi, ubao usiteleze ovyo kwa ubavu. Angalieni, hapakuwa na mzee wa kumfundisha. Mwalimu wake alikuwa ubao wa mtu aliyekufa mwaka 1855.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi wa California walichonga balsa, mti mwepesi wa Ecuador, wakaufunika kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kulowekwa katika gundi ikaukayo kuwa ngumu. Karibu na mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark wakaacha mti, wakatumia povu lililoumuliwa katika kalibu likaganda. Tangu hapo ubao uliobebwa na wanaume wawili hubebwa kwapani na mtoto.

Tuingie sasa katika chumba cha fundi. Ni chumba chembamba, kirefu kidogo kuliko ubao, nacho hakina dirisha. Kuta zake zimepakwa rangi ya buluu iliyoiva, na taa ndefu za mirija zimefungwa ukutani pande mbili kwa kimo cha kiuno, wala si darini. Mgeni hushangaa, maana taa za chini humtia macho kiwi. Lakini povu ni jeupe, na kosa la weupe juu ya weupe halionekani ila kwa kivuli chake. Mwanga upitao kwa ubavu hukifanya kila kibonde kitoe kivuli, na fundi hukifuata kivuli hicho kwa mkono mpaka kikome.

Katikati ya chumba gogo la povu limelala juu ya miguu miwili. Limepasuliwa kwa urefu likagandishwa tena na ubao mwembamba katikati, kama uti wa mgongo, lisivunjike. Fundi huweka kigezo cha nusu ya umbo, huchora kwa kalamu ya risasi, hukigeuza na kuchora nusu ya pili, kisha hukata kwa msumeno. Halafu hushika randa ya umeme. Hutembea toka tezi hata omo kwa hatua za namna moja, bila kusimama, akiongeza na kupunguza kina cha randa kwa kidole huku akienda. Akisimama, randa hula shimo mahali pamoja. Aliyezoea hufanya kazi hii kama mtu anayecheza ngoma aijuayo. Baada ya randa huja tupa, na baada ya tupa msasa, na ule uti wa mti hulainishwa kwa randa ndogo ya mkono. Mara kwa mara huzima mashine, akafumba macho, akapitisha viganja viwili pamoja kingoni, kimoja kulia na kimoja kushoto. Mkono huona unene ambao jicho limeuruka.

Kingo ndizo zinazomchosha akili. Kingo ya mviringo hushikwa na maji yakaizunguka, na ubao hukaa ndani ya wimbi. Kingo kali huyaachia maji, na ubao hukimbia. Kwa hiyo kingo moja huanza kwa mviringo kwenye omo na kumalizia kwa ukali kwenye tezi, na mahali pa kubadilika ni shubiri moja au mbili tu. Vivyo hivyo na mkunjo wa ubao: omo ikiinuka mno ubao huwa mzito wa mwendo, isipoinuka huchoma maji na kumtupa mtu kichwa mbele. Hakuna umbo moja linalofaa maji yote. Kwa Waimea huchongwa ubao wa futi 9 au 10, mwembamba ncha zote mbili, uitwao bunduki, kwa mfano wa bunduki ya kuwindia tembo. Ubao huo katika mawimbi madogo ya Julai ni gogo tu.

Kwa hiyo fundi mwema huanza kwa maswali. Wewe una uzito gani? Umri wako? Husimama mguu upi mbele? Unakwenda wapi, na lini ulikwenda mara ya mwisho? Hapo ndipo kazi huwa ngumu kuliko ya randa. Kila kijana hutaka ubao mwembamba kama wa bingwa aliyemwona pichani, na mtu wa makamo hutaja uzito aliokuwa nao siku za harusi yake. Fundi asiye na uaminifu huchukua fedha akachonga alichoombwa. Aliye mwaminifu humwambia mtu kwa upole kwamba lita zile hazitamwelesha, au huongeza unene kidogo mahali pasipoonekana. Lita, maana siku hizi mbao hupimwa hata kwa ujazo.

Ubao ukiisha kuchongwa, fundi huandika juu ya ule uti kwa kalamu ya risasi urefu, upana na unene, jina lake mwenyewe, na jina la mwenye ubao. Kisha unapelekwa chumba cha pili kuvikwa kitambaa cha nyuzi za kioo. Gundi hutiwa dawa ya kuigandisha, nayo huacha dakika chache tu za kuisambaza. Ikianza kushika, mwenye mkono mzito ameharibu kazi ya siku nzima ya mwenziwe.

Kazi hii hula watu. Vumbi la povu ni laini kuliko unga, na lile la nyuzi za kioo huwasha ngozi na koo. Gundi hutoa mvuke mkali. Katika kuliumua povu hutumika diisosianati ya toluini, sumu ya mapafu, na mtu aliyekwisha kudhuriwa nayo huweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo sana. Mafundi wa kwanza walifanya kazi vifua wazi, bila kitu puani. Waliosalia huvaa barakoa za kuchuja pumzi, na huwagombeza vijana wasiozivaa.

Tarehe 5 Desemba 2005 lilitukia jambo ambalo mafundi hao hulitaja kama watu watajavyo mwaka wa njaa. Gordon Clark, ambaye kampuni yake ilikuwa ikiuza sehemu kubwa kabisa ya magogo ya povu Marekani, aliwapelekea wateja wake barua kwamba amefunga siku ile ile, akitaja mashaka ya sheria na ya hatari za kazi. Kalibu zake zikavunjwa. Waliokuwa na magogo ghalani waliyafungia kwa kufuli, bei ikapanda, na wengine wakaacha kazi. Kwa nusu karne karibu, ufundi wa mikono elfu ulikuwa umening'inia kwenye kamba moja, na hakuna aliyeitazama kamba.

Viwanda vingine vilitokea baada ya miezi, na pamoja navyo mbao za bei nafuu kutoka Asia, na mashine ziongozwazo na kompyuta, zikatazo gogo kwa kadiri iliyoandikwa bila kukosa. Siku hizi mbao nyingi huanza kwa mashine, na fundi humalizia kwa msasa. Sisemi ni vibaya. Mashine haipumui vumbi. Lakini vipimo vinavyoiongoza vilitoka kwanza kwa watu kama Dick Brewer, aliyefungua duka Haleiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 2022, na Ben Aipa, Mhawaii aliyefariki mwaka 2021. Wao walichonga asubuhi, wakaenda na ubao majini au kumtazama mwenyewe akiupanda, wakarudi kuchonga tena. Kijana aliyeanza na mashine anajua ubao unavyopaswa kuwa. Je, anajua kwa nini?

Kijana atakaye kujua hapewi randa. Hupewa ufagio, kisha hupewa mbao zilizopasuka azitie viraka, mwaka mmoja au zaidi, maana aliyeziba mipasuko mingi hujua ubao huvunjikia wapi. Na kuvunjika havikosi kuvunjika. Baada ya dhoruba moja ya Januari, vipande huokotwa ufuoni kama vifuu. Mwenye ubao huja nazo nusu mbili mpaka kwenye banda la sukari. Fundi huziunganisha juu ya miguu, huinama kusoma maandishi yake ya risasi chini ya kioo, huangalia ni wapi pamekatika, na humwuliza mtu alikuwa amesimama wapi wimbi lilipompiga. Akiisha kujibiwa, hufuta tarakimu moja katika daftari, huandika nyingine, na humwambia kijana alete gogo.